Nilimuua Shangazi Yangu Redioni

Kuna sauti ya mwanamke ndani ya wimbo wangu ambayo mimi sikuiweka.

Msikimbie, si hadithi ya majini. Ingawa hata mimi siku ya kwanza nilidhani ni jini, na nilikimbia.

Jina langu la kazi ni Chuma Baridi. Nililichagua mwenyewe mbele ya kioo, nikiwa nimevaa koti zito katikati ya joto. Mimi ni rapa wa kujitegemea. Maana yake sina kampuni, sina meneja na sina mtu wa kunikataza chochote.

Mchana nashona mapazia na shangazi yangu. Hilo sikuwa nalitaja kwenye mistari.

Duka letu lina vyumba viwili. Mbele kuna cherehani, meza ya kukatia na ukuta mzima wa mapazia ya kuonyesha wateja. Nyuma kuna stoo iliyojaa marobota ya vitambaa mpaka darini. Kati ya vyumba hivyo hakuna mlango. Kuna pazia zito jekundu, la mteja mmoja aliyebadili mawazo baada ya kitambaa kukatwa.

Ile stoo ndiyo studio yangu. Vitambaa vinameza mwangwi vizuri kuliko studio nyingi za mjini. Maiki iko juu ya robota la kijani, kompyuta iko kwenye kiti, na mimi nimesimama katikati na hedifoni kubwa masikioni. Mdundo naufungulia kwa nguvu mpaka sisikii hata nikiitwa.

Kuna kitu kimoja nilikuwa nakiona na kukipuuza. Kila nikipita lile pazia kwenda kurekodi, cherehani ya shangazi ilinyamaza kabla hata sijavaa hedifoni. Nilidhani ni heshima kwa msanii.

Shangazi ndiye aliyenilea. Baba, yaani kaka yake, alimwachia mimi nikiwa sijui kufunga viatu, akaenda mbali kutafuta kazi. Akapata kazi na familia nyingine huko huko. Basi nikakulia chini ya ile meza ya kukatia, nikicheza na ringi za mapazia.

Ana mdomo, shangazi yangu. Ukisema kitu cha kujikweza mbele yake, hakimalizi kutua kabla hajakijibu.

Na kazi yetu nayo ni ya kujibizana. Kupima dirisha kunataka watu wawili. Mmoja anasoma futi, mwingine anarudia kwa sauti, ili namba isipotee njiani. Shangazi anaita upana, mimi naurudisha. Anaita urefu, naurudisha. Nikichelewa au nikisema kwa kumumunya, anasema neno moja tu: "Rudia." Nimefanya hivyo tangu mkono wangu haujafika kwenye fremu ya dirisha.

Sasa turudi kwenye wimbo.

Niliuita "Sijaona Mkono". Ni wimbo wa mateso. Mle ndani mimi ni yatima, nimelala barabarani, nimepigana na kila mtu na wote nimewashinda. Nilirekodi stoo kwa siku kadhaa, kisha nikampelekea rafiki yangu tunayemwita Fundi Mitambo. Yeye huchanganya nyimbo sebuleni kwa mama yake, kwa kompyuta inayopiga kelele kama feni mbovu.

Akaumaliza, akanitumia kwenye simu. Niliusikiliza mara nyingi sana na nikauona umekamilika. Lakini mimi nikisikiliza wimbo wangu, huwa najisikiliza mimi tu.

Nikauweka mtandaoni. Kesho yake simu haikutulia.

Maoni ya kwanza yalisema: "Huyo mama anayekujibu ni nani? Anakushinda."

Nikadhani ni mtu mwenye wivu. Yakaja ya pili, ya tatu, yote yanamuulizia mama. Wapo waliosema rapa ni wa kawaida lakini mama ni moto. Nikaingia stoo, nikavaa hedifoni, nikausikiliza taratibu.

Nikajisikia nikichana:

*Nimekua na njaa, sahani yangu ni hewa,*
*Nikiomba ukoko, hata huo sikupewa.*

Na nyuma yangu, kwa mbali, lakini wazi kabisa, mwanamke akasema: "Sufuria nzima umekomba wewe."

Nywele zilinisimama. Nikaendelea.

*Moyo wangu ni chuma, hofu mimi siijui,*
*Nikipita mtaani hata simba hapumui.*

"Mjusi anakukimbiza."

Hapo ndipo nilipotupa hedifoni na kutoka mbio. Nikalivaa lile pazia jekundu zima zima, nikaanguka nalo dukani, miguuni pa shangazi. Akanitazama kutoka juu, pini zimejaa mdomoni, akauliza kama nimeona mjusi.

Sauti ni ile ile. Nikabaki pale chini, nimejifunga kama zawadi, na kila kitu kikawa wazi. Maiki yangu ni nzuri mno. Ilikuwa inamnasa shangazi akinisema kutoka upande wa pili wa pazia, wakati mimi masikio nimeyaziba. Na Fundi Mitambo, aliyedhani ni ubunifu wangu, akaiacha.

Sikumwambia shangazi kitu. Nilijiona mjanja. Wimbo ulikuwa unasambaa kwenye simu za watu, watoto wa shule wanauigiza njiani, mmoja anachana na mwenzake anamjibu. Mimi nikawa napita katikati yao na koti langu, nasubiri kutambuliwa.

Halafu redio ikanipigia.

Kituo kikubwa, kipindi cha mchana, mahojiano ya moja kwa moja. Nilivaa miwani ya jua ndani ya studio. Nikagonga glasi ya maji ya mtangazaji kwa sababu sikuwa naiona.

Akaniuliza nani wameathiri muziki wangu. Nikataja marapa wakubwa wa ng'ambo, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya kukwaruza. Wengine sijawahi kusikiliza wimbo wao mpaka mwisho. Mmoja nadhani ni mcheza kikapu.

Kisha akauliza: "Na yule mama kwenye wimbo, ni nani?"

Mimi huyo, Chuma Baridi, miwani usoni. Niseme ni shangazi yangu, ananisema kwa sababu sikutandika kitanda? Niliona kazi yangu yote inaporomoka.

"Ni marehemu shangazi yangu," nikasema.

Studio ikapoa. Mtangazaji akaweka mkono kifuani, akanipa pole. Akauliza alifariki kwa nini. Nikasema presha. Akauliza nilimrekodi lini. Nikasema muda mfupi kabla hajatutoka, aliniachia ile sauti kama wosia.

Dada yule mtangazaji hakuwa mjinga. Akaniuliza mbona kwenye wimbo nasema nimejilea mwenyewe. Nikamjibu kwamba baada ya msiba nilianza kujilea upya. Sijui hiyo maana yake nini mpaka leo. Lakini alitikisa kichwa kwa huzuni, akawaomba wasikilizaji wakae kimya kidogo kumkumbuka.

Nikiwa kwenye ule ukimya ndipo nikakumbuka kwamba shangazi hashoni bila redio.

Niliporudi dukani nilimkuta kwenye cherehani. Mteja mmoja, mama wa makamo anayetupa kazi kila mwaka, alikuwa amekaa kwenye benchi, amejishika shavu. Redio ilikuwa imezimwa.

Nikamwamkia shangazi. Hakuitikia. Nikamwamkia tena.

Shangazi akamgeukia yule mama, akasema kwa utulivu, "Kuna mtu anasalimia maiti."

Hilo ndilo neno la mwisho nililosikia kutoka kwake kuhusu mimi kwa muda mrefu.

Mjue kwamba sikuadhibiwa. Chakula nilipikiwa, shati langu lilipigwa pasi. Ila kinywa kilifungwa, kwangu mimi tu. Na wateja aliongea, na majirani aliongea, hata na cherehani ikikata uzi aliongea nayo. Mimi nikisema kitu, nilikuwa nasema na ukuta.

Halafu wakaanza kuja waombolezaji.

Wa kwanza alikuwa kijana mwembamba, akavua kofia mlangoni. Alisema amekuja kutoa pole kwa familia ya marehemu, wimbo ule umemgusa. Nilitaka kujificha nyuma ya robota. Shangazi akampokea kwa mikono miwili, akamkalisha kwenye benchi.

"Asante, mwanangu. Wanasema ilikuwa presha," akamwambia. Kisha akamuuliza kwao madirisha yana mapazia ya namna gani.

Kijana aliondoka ameagiza ya sebule na chumba. Walikuja wengine wengi. Wiki ile marehemu alipata kazi nyingi kuliko alizopata akiwa hai.

Tulipokwenda kupima nyumba ya mteja mpya ndipo nilipoelewa ukubwa wa kosa langu. Nilishika ncha ya futi kwenye kona ya dirisha kama kawaida. Shangazi akasoma upana. Nikafungua mdomo nirudie, lakini alikuwa amemgeukia mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye aliyerudia. Dirisha la pili ikawa hivyo hivyo. Nyumba nzima ilipimwa, na mimi nilikuwa msumari wa kushikia futi. Niliumia jamani, sitaficha.

Jioni ile promota alinipigia. Alikuwa anaandaa shoo kubwa uwanjani, na alitaka nifungue jukwaa kabla ya msanii mkubwa ambaye picha yake ninayo ukutani. Nilikuwa nimeisubiri simu ile tangu nilipojipa jina. Alitaka "Sijaona Mkono" pamoja na beti mpya, na sauti ya yule mama lazima isikike kote. Bila mama nisijisumbue kuja. Kisha akaomba picha nzuri ya marehemu, aiweke kwenye skrini kubwa, watu wawashe taa za simu.

Nikamwambia nitaitafuta.

Nikakaa stoo niandike beti mpya. Nikaandika kwamba mimi ni radi, nikipiga miji inazima taa. Nikausema mstari kwa sauti kubwa, nikasubiri.

Hakuna aliyejibu. Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa inaendelea na kazi yake, wala haikupunguza mwendo.

Nikausema tena. Safari hii niliusikia mwenyewe, na ulikuwa mstari wa kijinga mno. Nikaandika mwingine, nao mjinga. Kumbe miaka yote nilikuwa natupa maneno makubwa nikijua kuna mtu atayadaka. Sasa yalikuwa yanaanguka sakafuni.

Ujeuri ukanipanda. Nikaamua wimbo utasimama bila yeye. Nikafuta kila palipokuwa na sauti yake, nikauweka tena mtandaoni, nikauita toleo safi.

Maoni ya kwanza: "Mwili upo, roho imetoka."

Ya pili: "Rudisha marehemu."

Nikaishiwa pozi. Nikaenda kwa Fundi Mitambo kumwomba anitengenezee sauti ya shangazi peke yake, niicheze jukwaani kutoka kwenye kompyuta. Shoo ilikuwa Jumamosi, siku mbili mbele. Mama yake alinipa pole ya msiba mlangoni, nikapokea.

Fundi alifungua rekodi zote, hata zile nilizokosea na kuziacha. Akaanza kuzicheza moja baada ya nyingine.

"Kwanza nikusifu," akasema. "Mlifanya mazoezi sana. Mama haingii hovyo."

Nikamwuliza ana maana gani. Akanichezea ubeti wa njaa, rekodi ya kwanza. Nikachana, shangazi akajibu kuhusu sufuria. Akacheza rekodi ya pili ya ubeti ule ule. Shangazi akaingia pale pale, nukta ile ile, maneno yale yale. Ya tatu, hivyo hivyo. Nilipokosea nikaanza upya, naye alianza upya.

 Mtu anayegomba nyuma ya pazia hagombi kwa mpangilio.

Kisha Fundi akacheza rekodi moja ya ubeti wa mwisho, ambayo niliiacha kwa sababu kikohozi kilinikatiza.

*Nimejilea mwenyewe, sikulelewa na mtu,*
*Mkono wa kunishika sijauona katu.*

"Kucha nani alikuwa anakukata?" shangazi akajibu, akiwa amechelewa kidogo. Nikajisikia nikikohoa. Halafu, karibu sana na maiki, kama mtu aliyesogeza uso kwenye pazia, shangazi akasema kwa upole:

"Hapo nimechelewa mimi. Rudia."

Na mimi nikarudia. Sikuwa nimemsikia, nilirudia kwa sababu zangu. Lakini yeye alikuwa upande wa pili, ameacha kazi yake, amezima cherehani yake, akidhani tunafanya kazi ya watu wawili kama tulivyozoea.

"Ina maana hukujua?" Fundi akaniuliza.

 Nilikuwa nakumbuka jinsi cherehani ilivyokuwa inanyamaza. Na nilikuwa nawaza alivyokaa siku ile kusikiliza redio, labda amewaalika wateja wasikilize, anasubiri nimtaje. Nikataja mcheza kikapu, kisha nikamzika.

Nilirudi dukani kabla halijafungwa. Shangazi alikuwa anatia marinda kwenye pazia la mmoja wa waombolezaji. Sikumsemesha, maana nilijua nitaongea na ukuta. Nikalipita pazia jekundu, nikaingia stoo, nikawasha maiki.

Nikachukua hedifoni. Nikaziweka chini.

Bila mdundo, bila koti, nikachana:

*Nimepanda mwenyewe, sina deni la binadamu,*
*Jina langu litaimbwa mpaka mwisho wa zamu.*

Nilikuwa namchokoza. Cherehani ikaendelea. Nikajaribu uongo mkubwa zaidi, kwamba mtaa mzima unaniogopa. Cherehani haikusita.

Nikakaa juu ya robota. Sikuwa na mstari mwingine wa kujisifu, yote ilikuwa imeisha. Ikabaki ile iliyokuwa imenikaa kooni tangu kwa Fundi, nikaisema tu, sauti yangu ya kawaida, ile ya nyumbani:

*Nimelelewa na mkono wa mkasi na sindano,*
*Nikamzika mwenye mkono kwa ajili ya mahojiano.*

Cherehani ikanyamaza.

Nikasubiri. Nikaona vidole vyake chini ya pazia... hapana, nidanganye nini tena, niliona ndala zake. Zilikuwa zimesimama karibu kabisa, upande wa pili.

"Hapo umechelewa," shangazi akasema. "Rudia."

Nikarudia.

Alikuwa na masharti, bila shaka. Lazima nirudi redio ile ile, kipindi kile kile, nimfufue. Na niseme wazi kwamba yeye presha hana, maana kuna wateja wameanza kumletea ushauri wa kupunguza chumvi.

Nilikwenda bila miwani. Mtangazaji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, akashindwa kuongea, akalazimika kuweka wimbo. Aliporudi hewani akaniuliza tena swali lake la kwanza, nani ameathiri muziki wangu. Nikasema ni shangazi yangu, anashona mapazia, nami nashona naye. Mtandaoni walinisema siku nzima na nilistahili.

Promota hakukasirika hata kidogo. Alisema marehemu aliyefufuka anauza tiketi kuliko marehemu wa kawaida.

Jumamosi shangazi alikataa kupanda jukwaani. Alisema yeye amezoea kufanya kazi nyuma ya pazia, na pazia lipo, ingawa pindo lake limeshonwa na mtu mwenye haraka. Akasimama huko na maiki yake. Nilipofika kwenye mstari wa mkono, hakuwahi hata kujibu. Uwanja mzima ulimtangulia, ukaniuliza kucha nani alikuwa ananikata.

Nimewahi kuota umati ukiliita jina langu. Haukuliita. Ulinisema kama shangazi mmoja mkubwa, na mimi nikasimama katikati, nikiwa na raha ambayo sijui niieleze vipi.

Sasa tuna mwaliko wa shoo nyingine. Bango limeshatoka, nimeliona ukutani karibu na duka. Juu limeandikwa SHANGAZI, kwa herufi za kumeza karatasi nzima. Chini kabisa, karibu na namba ya simu ya uwanja, wameandika "akiwa na Chuma Baridi".

Funzo langu ni fupi. Siku ukiulizwa umejifunza kwa nani, kabla hujataja watu wa mbali usiowajua, vua kwanza hedifoni.

Nimemsomea shangazi simulizi hii kabla sijaiweka hapa. Alisikiliza yote huku akitia ringi. Akasema imekaa vizuri, ila pale stoo nimeruka kitu, sikusema kwamba nililia.

Nikamwambia sikulia.

"Rudia," akasema.

Haya. Nililia.